Mashine Haijui Kusema "Nipo Poa"

Skola, mama yangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Wewe nimekuona asubuhi ukimaliza mihogo ya chai na kuomba mingine, kwa hiyo hali yako naijua. Mimi pia mzima wa mwili. Moyo ndio unanisumbua, na moyo hauna duka la vipuri hapa Ifakara.

Saa hizi ni mchana, nipo karakana peke yangu, jua linachoma bati mpaka linalia. Wewe umekwenda Namawala kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mapema, maana jina ulilonalo ni lake na anaona kama yeye mwenyewe ndiye anasafiri. Kesho alfajiri unapanda basi kuanza safari ya Mtwara, uende ukawe fundi wa AC kwenye karakana ya watu. Stendi kesho hapatasemeka kitu. Makonda watapiga kelele, mama yako atalia, na mimi nitajifanya nahangaika na mizigo. Bora niandike.

Mambo ya mchele, ya dawa, ya nani wa kumpigia ukishuka, mama yako ameshakuambia mpaka umeanza kumwitikia kabla hajamaliza. Siyarudii. Mambo ya chuo nayo unayajua kuliko mimi. Siku hizi unanitajia aina za gesi naitikia "ee, ee" kama mtu anayeelewa. Mimi nina jambo moja tu, na nalisema mapema kabla sijapotelea kwenye hadithi: ukipata shida huko, uniambie. Wewe huwa husemi, Skola, na hilo linanitisha kuliko umbali wa Mtwara.

Unakumbuka Krismasi ile uliyotoka Morogoro kwenye mafunzo ya vitendo? Kila wiki nilikuwa napiga simu. "Mama, unaendeleaje?" "Nipo poa, baba." "Kazi?" "Poa." Basi nilikuwa nazunguka mtaani nikijigamba kwamba binti yangu yupo poa. Ukarudi nyumbani, mama yako akakupa upawa upakue wali, ukaushika kwa mkono wa kushoto. Wewe si wa mkono wa kushoto. Mama yako alingoja mko jikoni wawili, ndipo akaona kovu kiganjani. Ulifungua mashine ya nje ya AC, ukagusa kapasita, kile kikopo kinachobaki na umeme hata ukizima, ikakurusha mpaka chini. Wiki mbili hukuweza kushika hata kijiko. Na ndani ya wiki hizo hizo mbili ulikuwa unaniambia nipo poa, nipo poa.

Mama yako aliponiambia nilitoka nikaja hapa karakana, nikafunga mlango, nikalia. Ee, nililia, na ukicheka nitakuzaba kibao kwa barua. Kuungua kulinitisha, lakini kilichoniliza ni kwamba uliungua ukiwa peke yako, na mimi nipo hai, na simu ninayo.

Kwa hiyo kabla ya yote, kuhusu kapasita. Usiamini rimoti. Mteja akikuambia "nimeshaizima," mshukuru, kisha nenda kazime mwenyewe swichi kubwa ukutani, uiangalie kwa macho yako. Subiri. Halafu malizia umeme uliobaki kwa ile taa yenye nyaya mbili niliyokutengenezea, ndipo uguse. Mwenzako akikucheka kwamba unachelewesha kazi, mwache acheke. Hiyo taa nimeiweka kwenye begi lako tayari, chini ya viatu, na ole wako uitoe kupunguza mzigo.

Sasa nikuambie kwa nini napenda kazi hii. Mashine haijui kujikaza. Ikiumwa inasema. Maji yakidondoka ndani ya chumba, imekuambia bomba la kutolea maji limeziba. Ikitoa upepo usio na ubaridi huku feni inazunguka vizuri, imekuambia uangalie filta, uangalie ya nje, uangalie gesi, tena kwa mpangilio huo, usianze na gesi kama wale wenye haraka. Ikigandisha barafu kwenye mabomba, inakuambia haipumui, au gesi imepungua. Ikinuka kama soksi, ina uchafu na unyevu tumboni. Haioni aibu. Haifikirii kwamba ikisema itamsumbua mtu. Kazi ya fundi ni kusikiliza tu, na hata hapo mafundi tunashindwa, mimi wa kwanza.

Hii ya vyandarua hujaisikia vizuri, kwa sababu kila nikianza kuisimulia mama yako ananikatisha kwa kicheko. Mama Filo, yule mwenye nyumba ya wageni karibu na mashine ya kukoboa mpunga, aliniita nimfungie AC sita. Nikafunga. Ukaja msimu wa mavuno, na unajua pumba za pale zinavyoruka: kwenye chai, kwenye nywele, kwenye kitabu cha wageni. Nikaona zitaziharibu mashine za nje. Nikawaza. Hapa kwetu nani amewahi kutupa chandarua kilichochakaa? Tunafunikia vifaranga, tunazungushia mchicha, tunatengenezea magoli ya mpira. Nikakusanya vyandarua vikuukuu, mama yako akanishonea vizuri kabisa, vina mpaka kamba za kukazia, nikazivisha zile mashine zote sita. Zilipendeza! Watu walikuwa wanasimama kuziangalia. Duka la dawa wakaniomba, mwenye baa akaniomba. Mwaka ule nilivisha mashine za nusu ya mji, na sikumtoza mtu chochote kwa chandarua. Niliona nimegundua kitu.

Haikupita muda Mama Filo akaanza kupiga simu. Wageni wanalalamika: mchana AC inapuliza joto, jioni inapoa vizuri. Nikaenda. Nikasafisha filta za ndani. Kesho yake yale yale. Nikabadilisha kapasita. Yale yale. Nikampa maneno kuhusu umeme mdogo, akaniamini masikini, akaenda kugombana na watu wa umeme bure. Nikaongeza gesi, nayo haikuwa imepungua, kwa hiyo nikazidi kuitesa mashine. Kila nilipokwenda nilifungua kamba za chandarua kwa uangalifu, nikafanya kazi yangu, mashine ikatulia kidogo, nikashangilia, kisha nikafunga kamba tena kwa uangalifu ule ule.

Unaona? Nikifungua inapona, nikifunga inaumwa, na mimi sioni!

Aliyeona ni Mama Filo mwenyewe. Alisimama pale mchana wa jua kali, kanga kichwani, akaweka mkono mbele ya mashine. Akasema, "Baba Skola, hii kitu si inatakiwa kuhema? Wewe umeifunga pua." Nikaweka mkono wangu. Upepo hafifu, wa moto kama wa tanuri. Nikageuza kile chandarua: pumba, vumbi na umande vimeshikana na kuwa zulia. Mashine ilikuwa inavuta hewa kupitia zulia, joto linaijaa, inajizima isife. Jioni hewa ikipoa ndiyo inapata nafuu. Nilipita mji mzima nikivua vyandarua kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja, watoto wananifuata wakiimba.

Siku hizi nikishindwa kuelewa mashine, kitu cha kwanza kukitilia shaka ni kile nilichokiweka mwenyewe, hasa kama nilikiweka kwa mapenzi. Hicho ndicho jicho linachokiruka. Na wewe huko Mtwara utakuta mambo yao. Kuna chumvi ya bahari inayokula mabati na mabomba, mimi siijui chumvi, sitakudanganya. Uliza wenyeji. Usiwaambie "kwetu Ifakara tunafanya hivi" mpaka umeweka mkono mbele ya mashine na kusikia inahema.

Na Mama Filo huyo huyo naye hakosi yake, usidhani. Baada ya vyandarua akaniita tena kwamba maji yanamdondokea mgeni kitandani. Nikazunguka nje, nikakuta lile bomba dogo la kutolea maji limezibwa kwa kitambaa, kimefungwa fundo la nguvu. "Mama Filo, hiki nini?" "Mbu wasipitie humo wakaingia ndani." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kwa bonde hili letu lenye mbu hivi, nani atamlaumu? Ukikuta mteja amefanya kituko, usimcheke kabla hujamwuliza alikuwa anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa kitu cha kweli, ila ameziba tundu lisilo lake.

Ya magari sasa, maana umesema karakana yao inafanya na magari. Mwalimu mmoja wa kijiji cha Mbingu, anayebeba abiria baada ya vipindi, aliniletea gari lake la Noah. Njiani ubaridi unamfurahisha, akisimama stendi kungoja abiria wake, joto. Mafundi wawili walishamwongezea gesi. Mimi kabla ya kufungua boneti nilimwuliza inaanza lini, akanieleza vizuri, "Ikitembea inapoa, ikisimama inachemka." Jibu lipo humo humo. Gari likitembea, upepo wa barabara unapooza ile kondensa ya mbele inayotoa joto nje. Likisimama, feni ndiyo inatakiwa ifanye kazi hiyo, na feni yake ilikuwa haizunguki. Waya umekatika, panya alikula. Na kondensa yenyewe imejaa wadudu na makapi ya barabara ya Mlimba, nikaiosha kwa maji ya taratibu, si kwa presha inayokunja mapezi yake, vile vibati vyembamba. Basi. Mwalimu alinipa mkono akautikisa mpaka bega likauma.

Ukiona miguu ya abiria inalowa maji, bomba limeziba, ni lile lile la Mama Filo. Ukiona maji yanadondoka chini ya gari lililosimama, mtulize mwenye gari, hiyo ni afya. Ikiwa haipoi kabisa, angalia fyuzi na mkanda kabla hujataja kompresa, maana hiyo pampu ya gesi ni ghali, na jina lake tu linampandisha mtu presha. Na dereva akikuambia huwa analala ndani ya gari, vioo juu, injini inaunguruma ili AC imbembeleze, huyo mkatalie kwa sauti kubwa. Moshi wa injini unaua, na hauna harufu ya kumwamsha mtu. Mfokee. Fokea kama mimi, nakupa ruhusa.

Lakini hii ya kuongeza gesi ndiyo nataka ushike zaidi. Gesi haiishi yenyewe kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Ukiongeza bila kutafuta tundu, mteja atapoa wiki chache, atakusifu, halafu itarudi pale pale, na safari ya pili tundu limekua. Tafuta tundu. Paka povu la sabuni kwenye maungio, kaa hapo, tazama bila haraka mpaka povu lichemke penye tundu. Inachosha. Inachosha sana, na mteja anakusimamia kichwani. Kaa tu.

Sasa, mama, ile "nipo poa" yako ndiyo kuongeza gesi kwenyewe. Simu ikikatwa mimi napoa wiki nzima, na kumbe mahali fulani wewe unavuja.

Najua unachofikiri hapo, nakusikia. "Baba naye, nikimwambia anafoka." Kweli nafoka. Ukiniambia umeumia, neno la kwanza kutoka kinywani mwangu ni "nilikuambia!" na la pili ni "acha hiyo kazi urudi nyumbani." Sipendi, ila ndivyo ninavyotoka. Hofu yangu inatokea mdomoni ikiwa imevaa hasira. Mama yako ameishi na hilo miaka yote, amejifunza kungoja lipite. Na wewe nakuomba ungoje lipite. Nikifoka, weka simu chini mezani, kunywa maji, uichukue tena. Nitakuwa bado nipo. Nitakuwa nimeshamaliza kufoka na nimeshaanza kuuliza unahitaji nini.

Na usingoje liwe kubwa. Sitaki uniambie siku umelazwa. Niambie siku umeshindwa mashine mbele ya mteja ukaona aibu. Niambie siku msimamizi amekusema vibaya. Niambie siku hujala kwa sababu tu hukuwa na wa kula naye, nayo ni shida, usiidharau. Mimi sitakuwa na dawa ya yote hayo. Siwezi kuruka mpaka Mtwara. Lakini nitakuwa najua, na nikijua nalala. Nisipojua ndiyo nakaa naiangalia simu.

Nilitaka nimalizie hapo kwa maneno mazuri, nilikuwa nimeshaanza kuyatafuta, ila umeingia.

Umeingia na vumbi la Namawala mpaka kwenye nyusi, na kuku wa bibi yako miguu imefungwa. "Shikamoo baba." "Marahaba mama." Ukauliza naandika nini, nikasema naandika vipuri vya kununua, nikafunika karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi. Ukamweka kuku chini. Ukavuta ile ndoo ya rangi, ukakaa, ukawa unachezea nyaya za kutupwa. Halafu ukasema, hukuniangalia, "Baba, naogopa."

Skola, kurasa zote hizi nimekuwa nakuomba kitu hicho hicho. Na umenipa bila kuombwa, ana kwa ana, hata basi hujapanda. Na mimi nimefanya nini? Nimesema "Utazoea." Nimesema "Hebu nipe hiyo spana." Nawe ukanipa spana, ukasema "haya baba," ukambeba kuku ukaondoka. Nimebaki nimeshika spana ambayo sina nati ya kuifunga.

Sikufoka, angalau. Lakini nimekuzibia.

Nakusikia uani ukiongea na mama yako, unacheka kidogo, kicheko kile cha kuonyesha upo poa. Hapana. Leo hapana. Barua hii utaikuta kwenye begi, isome huko njiani ukipenda, ina mambo ya kazi yatakayokufaa. Ila hili siliachi lisafiri kwenye karatasi. Naweka kalamu chini sasa hivi, nakuja uani, mama yako akicheka acheke, nitavuta kigoda nikae karibu yako nikuambie kwamba na mimi naogopa, mama. Naogopa sana. Kisha nitanyamaza, nawe uniambie yote.

Baba yako,
anakuja.